Inchi Moja ya Kiuno: Mwongozo Kamili wa Kuandika Hadithi Fupi ya Ajabu Kuhusu Mapenzi

Mapenzi huharibu vipimo. Saa moja ya kumsubiri mtu huzidi siku nzima ya kazi, na chumba alichotoka hubaki kikubwa kupita kuta zake. Hadithi ya kawaida hulieleza jambo hili kwa kusema "alimpenda mno", ikaendelea na safari. Hadithi ya ajabu huliacha lile "mno" litokee kweli, mchana kweupe, mbele ya majirani, kisha hulifuata ione litamfikisha mtu wapi. Hadithi ya namna hiyo ndiyo tutakayojifunza kuiandika hapa: fupi, ya maneno 1,500 hadi 2,500, yenye tukio moja lisilowezekana, na watu wawili ambao mmoja wao amependa kupita kiasi.

Katika Kiswahili hatuanzi ukurasa mtupu. Msimulizi alipoita "Hadithi, hadithi!", wasikilizaji waliitika "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Kabla neno la kwanza halijatoka, baraza zima lilikwisha kuuruhusu uongo, kwa sharti kwamba uwe mtamu. Katika riwaya, Euphrase Kezilahabi aliuvunja uhalisia kwenye Nagona (1990) na Mzingile (1991), na Said Ahmed Mohamed akamrudisha mzee kutoka wafu kwenye Babu Alipofufuka (2001). Kazi hizo zinauliza habari za ukweli, maarifa na madaraka. Chumba cha wapendanao bado kina nafasi kubwa, na naamini hadithi fupi ndiyo inayokienea.

Tutajenga hadithi moja hatua kwa hatua. Mhusika wetu ni Rajabu, fundi cherehani mwenye meza yake barazani, Ngamiani, mjini Tanga. Anayempenda ni mteja wake, Mwanahawa.

Hatua ya kwanza: iandike tamaa kwa kitenzi

Usianze na "mapenzi". Ni pana, na kila mtu anayo maana yake. Jiulize: huyu anataka kumfanyia yule nini? Andika jibu kwa sentensi moja yenye kitenzi kizito. Anataka kumficha. Anataka kuota ndoto zake. Anataka kuwa wa mwisho kumsahau. Rajabu anataka kubaki na kitu cha Mwanahawa kila anapoondoka. Hiyo inatosha. Hatuhitaji kujua ana miaka mingapi wala alizaliwa wapi.

Kama kitenzi hakiji, kuna zoezi la zamani linalofaa. Mwaka 1919 washairi wawili wa Paris, André Breton na Philippe Soupault, waliandika kwa kasi bila kusahihisha wala kupanga, na matokeo yakachapishwa mwaka 1920 kwa jina la Les Champs magnétiques. Miaka minne baadaye Breton alitoa ilani ya usurealisti, mkondo uliotaka ndoto na tamaa ziandike zenyewe. Lifanye hivi: asubuhi, kabla hujagusa simu, andika dakika 15 bila kunyanyua kalamu, ukimfikiria mtu mmoja uliyewahi kumtaka. Ukikwama, rudia neno la mwisho hadi lingine lije. Usisome hadi jioni. Jioni pigia mstari vitenzi na vitu vya kushikika peke yake: kitasa, kucha, kandambili iliyokatika. Maneno ya hisia yaache.

Ulichopata hapo ni malighafi. Wako wanaoichapisha hivyo hivyo na kuiita hadithi, na msomaji huchoka ukurasa wa kwanza, kwa sababu mahali ambapo lolote laweza kutokea hakuna cha kuhofia.

Hatua ya pili: chagua ajabu moja, na ichipuke kwenye kazi ya mhusika

Semi zetu za mapenzi zimejaa miujiza tuliyoizoea. Mtu husema ametekwa, amekufa ameoza, fulani amemkaa rohoni. Chukua usemi mmoja uutii neno kwa neno. Aliyesema amekufa ameoza apate cheti cha kifo, na mpenzi wake ndiye ahangaike na sanda. Aliyekaliwa rohoni asikie viatu vya mwenzake vikitembea kifuani usiku.

Njia ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kuitazama kazi ya mhusika na kuuliza ni wapi kazi hiyo inamgusa mtu mwingine mwilini. Fundi anapima. Basi ajabu yetu ni hii: Rajabu akimpima Mwanahawa bila sababu, kwa kutaka tu kuwa karibu naye, inchi moja ya Mwanahawa hubaki kwenye tepu. Tepu ya fundi ina inchi 60. Baada ya ziara ya pili ina 61.

Jaribu ajabu yako kwa kumbadilisha mhusika kazi. Kama Rajabu angeweza kuwa mvuvi na hadithi isitikisike, ajabu umeibandika juu juu.

Moja inatosha. Ukiongeza cherehani inayozungumza na mwezi unaolia maziwa, msomaji ataacha kuiamini hata tepu. Kumbuka kisa cha Fumo Liyongo: shujaa ambaye silaha haimdhuru, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Hilo tu. Na kwa kuwa ni hilo tu, anayeweza kumuua ni mtu aliye karibu kiasi cha kuambiwa siri na kumkuta usingizini, naye alikuwa mwanawe. Ajabu hiyo imetengenezwa kwa ukaribu, na ndiyo maana inauma mpaka leo.

Hatua ya tatu: iwekee sheria

Kaa na karatasi ujibu maswali haya kabla hujaandika aya ya kwanza. Ajabu inatokea lini, na lini haitokei? Inachukua nini, kwa nani? Nani anaiona? Inaishia wapi?

Kwetu, kipimo cha kwanza kilikuwa cha haki, hivyo hakikuchukua kitu. Kila kipimo kisicho na haja huchukua inchi moja, mahali palepale palipopimwa. Mwanahawa hasikii maumivu. Mashahidi ni nguo zake za zamani. Inchi iliyochukuliwa hairudi kwa kujuta. Inarudi pale tu aliyeichukua anapopimwa.

Sheria hii ya mwisho usiitaje popote kwenye hadithi. Iweke kwako. Wewe ukiijua, kila tendo litaielekea, na msomaji ataihisi bila kuambiwa.

Hatua ya nne: ingia bila kushangaa

Ajabu ije mapema, na wahusika waipokee kwa wasiwasi wa kawaida. Franz Kafka, katika kisa chake cha mwaka 1915 cha mtu aliyeamka akiwa mdudu, anamfanya mtu huyo ahangaikie treni iliyomwacha na kazi atakayochelewa. Hofu ndogo ndiyo inayoibeba ile kubwa.

Hebu tuandike ufunguzi:

"Mwanahawa alipokuja mara ya tatu, Rajabu alikuwa na vipimo vyake vyote daftarini na angeweza kumshonea gauni akiwa amefumba macho. Akampima tena. Kiuno kilichokuwa 30 na robo kikasoma 29 na robo, na inchi iliyopungua ikajipanga mwishoni mwa tepu baada ya 61, ikiwa na namba yake, 62, kwa wino uleule wa kiwandani.

'Gauni Alhamisi, fundi?'

'Ijumaa, dada. Baada ya swala.'"

Tazama kilichofanyika. Hakuna "ghafla" wala "kwa mshangao mkubwa". Wino wa kiwandani ndio unaosadikisha, kwa kuwa ni jambo ambalo mwongo asingekumbuka kulitaja. Na mara tu ajabu inapokamilika, mazungumzo yanahamia kwenye siku ya kuchukua nguo, jambo ambalo kila aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi analijua vilivyo. "Dada" na "fundi" vinashikilia umbali ambao mikono ya Rajabu imekwisha kuuvuka.

Hatua ya tano: kabiliana na uchawi mapema

Hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili ana kazi ambayo mwandishi wa Paris hakuwa nayo. Msomaji wako anayo tayari majina ya mambo haya. Mwanamke anayepungua kila akienda kwa fundi? Amepewa limbwata. Ana jini mahaba anayemwonea wivu. Pengine ni tego la mume aliyemwacha. Majina hayo ni mazito, watu wanayaishi, na hupaswi kuyadharau. Lakini msomaji akishalipata jina, hadithi imefungwa: tatizo limekuwa la mganga, na mapenzi ya Rajabu hayaulizwi tena.

Ukinyamaza, msomaji ataliweka jina mwenyewe. Ukikanusha, utamkatiza. Kinachofanya kazi ni kumpa mhusika mmoja maelezo hayo, ayaamini kwa moyo wote, ayafanyie kazi, na yasitoshe. Shangazi yake Mwanahawa anampeleka kusomewa. Anasomewa vizuri, na mtu mwema, asiyedai hata senti. Mwanahawa analala usingizi mtulivu ambao hakuupata kwa wiki nyingi. Asubuhi sketi inamvuka. Kisomo kimetuliza hofu yake, ambayo ni ya kweli, ila hakijagusa tepu iliyopo barazani kwa mtu ambaye hakumroga yeyote. Sasa msomaji anabaki na swali lililo gumu zaidi: inakuwaje mtu akumalize bila kukutakia mabaya?

Andika sehemu hii kwa upendo. Shangazi akiwa kichekesho, umeiharibu.

Hatua ya sita: tumia sarufi yenyewe

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu Kiswahili kinakupa zana ambazo lugha nyingi hazina.

Kwanza, pitia rasimu ufute kila "kama", "mithili ya" na "kana kwamba" iliyo karibu na ajabu. "Alihisi kana kwamba amepungua" ni hisia tu. "Alipungua" ni tukio. Tashbihi humpa msomaji mlango wa kutorokea.

Pili, upatanisho wa ngeli. Sikio la Kiswahili hutoa "a-" kwa chenye uhai hata jina lake likiwa na umbo la kitu: tunasema kiboko amelala, kipepeo ameruka. Maana yake unaweza kukipa kitu uhai kwa silabi moja, bila kueleza. Mwanzoni mwa hadithi andika: "Tepu ilikuwa mezani." Katikati: "Tepu ilikuwa kitandani, upande wa ukutani." Na karibu na mwisho, mara moja tu: "Tepu amelala. Rajabu akaivua kandambili yake taratibu asije akamwamsha." Msomaji atasimama kwenye ile "amelala" na mwili utamsisimka kabla hajajua kwa nini.

Tatu, ligeuze. Mapenzi yaliyopindukia humgeuza mtu kuwa kitu, na ngeli inaweza kuonyesha hilo likitokea. Rajabu wa ukurasa wa kwanza anamwona Mwanahawa akipita: "Alipita na mdogo wake, akasalimia." Rajabu wa ukurasa wa nne: "Kiuno 27 na robo kilipita upande wa pili wa barabara. Hakikusimama." Hujasema kwamba ameacha kumwona binadamu. Kiambishi kimesema. Usifanye hivi zaidi ya mara mbili katika hadithi nzima, na usifanye katika sentensi ya mhusika mwingine. Upofu huu ni wa Rajabu peke yake.

Nne, nyakati. Tumia "hu-" kwa mazoea ya Rajabu kabla ya kupenda (hufungua saa mbili, hunywa chai kwa mama wa jirani), na "-ka-" mambo yanapoanza kukimbia. Mnyororo wa "akampima, akaandika, akafuta, akampima" hubeba uraibu kuliko aya nzima ya maelezo.

Hatua ya saba: ukaribu wenye staha

Ukaribu unatokana na kumjua mtu kwa undani ambao hakukupa. Si lazima umvue mtu nguo. Utamaduni wa pwani unayo maarifa mengi ya kusema bila kutaja, na vitu vyake vinafanya kazi kubwa: udi uliofukizwa kwenye nguo, asumini ya jana kwenye nywele, hina iliyoanza kufifia kwenye kucha. Chagua kimoja ukitumie hadi kiishe.

Mimi ningechagua shanga. Siku ya kwanza Rajabu anaandika daftarini: kiuno 31 na robo. Anajua ile robo ni nini, kwa kuwa chini ya kitambaa tepu imepita juu ya punje ndogo zilizopangana. Hakutazama, hakuuliza, hakusema. Lakini sasa anajua jambo ambalo Mwanahawa hakukusudia alijue, na robo hiyo ndiyo inayomnyima usingizi. Hadithi nzima ya tamaa ipo kwenye ile sehemu ya inchi, na mama mkwe wako anaweza kuisoma mbele yako.

Kisha itumie upya pale ajabu inapomfikia Mwanahawa mwenyewe. Yumo bafuni anajimwagia maji, shanga zinashuka mapajani na kuanguka sakafuni zikiwa nzima, uzi haujakatika. Hapo ndipo anapojua.

Hatua ya nane: anayependwa awe na macho yake

Hadithi nyingi za mapenzi ya kupindukia humshabikia anayependa. Tunakaa ndani ya kichwa chake mpaka tunaanza kuamini kwamba ukubwa wa tamaa ni ushahidi wa mapenzi. Sikubaliani na hadithi hizo, na nakuomba usiandike nyingine. Mtu anayepungua ana mtazamo wake juu ya kupungua kwake.

Kwa hiyo, karibu na theluthi ya mwisho, mhamishie msomaji kwa Mwanahawa. Mpe kazi, haraka zake, na mtu anayempigia simu. Mpe pia jambo gumu: alikuwa amependa kupimwa. Ile mikono iliyotulia, mtu anayemwandika kwa uangalifu kuliko mumewe wa zamani alivyowahi kumtazama. Usimnyime ukweli huo kwa kutaka awe mhanga safi. Anaweza kuwa alivutiwa na bado akataka inchi zake.

Aendapo kudai, asifoke. Anaingia, anaiona tepu ndefu iliyojikunja chini ya meza, anainyanyua.

"'Fundi, simama nikupime.'

'Mimi, dada?'

'Nyoosha mikono.'"

Sasa sheria uliyoificha tangu hatua ya tatu inaanza kudai. Mwandike Rajabu anavyosimama. Mtu aliyepima watu maisha yake yote hajui pa kuweka macho akipimwa.

Hatua ya tisa: malizia kwa gharama

Miisho miwili ikatae mara moja. Wa kwanza ni ule wa insha za shule: "Kumbe ilikuwa ndoto." Umemwambia msomaji kwamba alichokihofia hakikuwepo, na hatakusamehe. Wa pili ni wa kurudisha kila kitu kilipokuwa: inchi zimerudi, tepu ina 60, wanaoana. Ajabu ambayo haiachi deni haikuwa na uzito.

Uliza: nani analipa, na analipa kwa kitu gani cha kazi yake? Nimejaribu kumpunguza Rajabu mwili, miguu isifike kwenye pedeli ya cherehani. Ni kisasi tu, hakuna jipya. Mwisho unaofaa zaidi ni huu: Mwanahawa anachukua inchi zake, na anaondoka na tepu. Rajabu ananunua nyingine dukani, mpya, ya inchi 60, inayosoma sawasawa. Anaendelea na kazi. Ila kila anachokata kinatoka kwa vipimo vya Mwanahawa wa siku ya kwanza: sare ya mtoto wa darasa la pili, kanzu ya mzee wa jirani, shela la bibi harusi mnene. Wateja wanarudisha. Anafumua, anakata upya, kinatoka 31 na robo.

Simama hapo kwenye robo. Sentensi inayofuata itakayokujia itakuwa ya kueleza, na utaitambua kwa sababu itaanza na "Tangu siku hiyo".

Hatua ya kumi: kusafisha

Iache rasimu wiki moja. Ukiirudia, isome kwa sauti, kwa mwendo wa kumsomea mtu asiyekuwa na haraka. Popote ulimi unapojikwaa, sentensi haijakaa. Kisha pitia mara tatu, kila mara ukitafuta jambo moja: kwanza hesabu za ajabu (inchi zikikosa kulingana mahali pamoja, msomaji makini atakuona), pili viambishi vya ngeli ulivyovigeuza kwa makusudi, ili mhariri asivisahihishe akidhani ni makosa. Mwachie maelezo pembeni. Mara ya tatu tafuta maneno "mapenzi", "penda", "hisia" na "moyo", na ufute kila moja ambayo hadithi inaweza kusimama bila yake. Yetu inaweza kusimama bila hata moja.

Jina liandike mwisho, na liwe kitu kilichomo ndani ya hadithi, cha kushikika. "Mapenzi ya Fundi" inamwambia msomaji afikirie nini kabla hajaingia. "Thelathini na Moja na Robo" inamfanya aitafute ile robo.